Ribiti Ambazo Hazikuwepo

Kwa jioni kumi na mbili niliinama juu ya mabawa ya modeli ya plastiki ya Mustang, ndege ya kivita ya Kimarekani ya Vita vya Pili vya Dunia, ya skeli ya 1/48 (yaani ndogo mara 48 kuliko halisi), sindano mkononi, nikidunga ribiti, alama za vile vijipini vinavyoshikilia mabati ya ndege, moja baada ya nyingine. Mistari niliichora kwanza kwa penseli nikifuata mchoro, nikaegemeza rula ya chuma, kisha nikadunga: tundu, nafasi, tundu, nafasi. Mgongo uliniuma na macho yalichoka, lakini sikukata tamaa, maana niliamini kila safu iliyokamilika inanisogeza karibu na ndege halisi. Nilipopaka rangi ya fedha na kuiweka modeli chini ya taa, matundu yale yalishika kivuli, bawa lote likajaa vidoa kama mgongo wa kanga. Nilifurahi mno.

Aliyenifungua macho hakuwa mjenzi wa modeli. Alikuwa fundi wa ndege mstaafu, mzee ambaye vidole vyake bado vina makovu ya mabati. Aliishika modeli kwa vidole viwili, akaielekeza kwenye mwanga, akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

“Mwanangu, hizi ribiti za huku mbele umeziona wapi?”

“Kwenye mchoro, Mzee.”

“Mchoro unakuonyesha zilikopigwa. Picha ya bawa lenyewe uliitafuta?”

Sikuwa nimeitafuta. Nilipoitafuta, nilikaa nayo usiku kucha. P-51, yaani Mustang, ilipewa bawa la umbo la pekee, lililotaka hewa ipite juu yake kwa utulivu kadiri inavyowezekana. Kichwa cha ribiti kilichochomoza kidogo tu, au ufa kati ya bati na bati, ulitosha kuuvuruga utulivu huo. Kwa hiyo mafundi wa kiwandani waliziba kwa puti maungio na ribiti za sehemu ya mbele, karibu asilimia 40 ya upana wa bawa, wakapiga msasa hadi pakawa laini, kisha wakapaka praima, rangi ya msingi, na rangi ya fedha. Ndiyo maana katika picha nyingi za Mustang ambazo hazikupakwa rangi za kificho, kiwiliwili kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa huku mabawa yamefifia, hayarudishi taswira ya kitu chochote. Mimi nilitumia jioni kumi na mbili kutoboa mahali palepale ambapo watu wale walihangaika kupalainisha.

Kabla ya hapo nilidhani kuboresha seti, yaani sanduku la vipande vya modeli vya kuunganisha, ni kuongeza: waya zaidi, ribiti zaidi, mistari yenye kina zaidi, madoa zaidi ya mafuta. Sasa nikifungua sanduku, kabla sijagusa kisu, najiuliza kitu hiki kilitengenezwa kwa nini, kiliungwaje, na mtu aliyekitumia alikishika wapi. Majibu yake ndiyo yananiambia pa kuongeza na pa kupunguza, na mara nyingi huwa ni kupunguza.

Chukua Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza. Wahandisi wake walitaka kujua ni wapi ribiti bapa, ambazo ni ghali na zinachukua muda, zinahitajika kweli, na wapi zile za kichwa cha mviringo zingetosha. Wakachukua njegere kavu zilizopasuliwa katikati, wakazibandika kwa gundi juu ya ribiti bapa za ndege ya majaribio, wakairusha na kupima mwendo, kisha wakawa wanazibandua sehemu kwa sehemu na kurusha tena. Mwishowe mabawa yakabaki na ribiti bapa, na sehemu ya nyuma ya kiwiliwili ikapata zile za mviringo. Kwa mjenzi wa modeli habari hii ina thamani kubwa. Kwenye Spitfire, ukitaka kuweka ribiti zinazoonekana, ziweke nyuma ya rubani, na ziwe vipele vilivyoinuka. Matundu yaliyozama hayafanani nazo kabisa. Kwenye bawa mguso mwepesi wa sindano unatosha, au usiguse kabisa.

Lavochkin La-5 ya Wasovieti inakwenda mbali zaidi, maana sehemu kubwa ya ndege ile ilikuwa mbao. Kiwiliwili chake hakina maungio ya mabati kama ya Mustang, na mistari unayohitaji ni ya vifuniko vya injini, vifuniko vya ukaguzi na sehemu zinazochezacheza. De Havilland Mosquito nayo ilikuwa plaiwudi ya mbao za betula iliyoshika katikati yake mbao nyepesi za balsa. Nimewahi kuona Mosquito iliyojengwa kwa mkono hodari sana, rangi safi, kioo safi, na ribiti kiwiliwili kizima. Mikono ile ilikuwa na ustadi kuliko yangu, na bado nilisikitika, kwa sababu ndege iliyokuwa mezani haikuwa Mosquito tena.

Hata mistari ya maungio inayostahili kuwepo ina hesabu yake. Seti za zamani zilikuwa na mistari iliyoinuka. Tukaizoea dhana kwamba mjenzi makini huipiga msasa yote na kuichimba upya. Nimefanya hivyo mara nyingi na naendelea kufanya. Lakini pima upana wa ncha unayochimbia. Mstari wa milimita 0.2 kwenye skeli ya 1/72 ni ufa wa milimita 14.4 kwenye ndege halisi, na kidole cha mtu kinaweza kuingia. Hakuna ndege ya kivita iliyoruka na nyufa za namna hiyo. Ukingo wa nyuma wa bawa ni vilevile: plastiki ya milimita 0.7 ni sawa na ubao wa sentimita tano, ilhali kwenye ndege halisi ukingo huo ulikuwa mwembamba kiasi cha kuonekana kama mstari. Kwa maoni yangu, kuupunguza ukingo wa nyuma kwa msasa, kutoka upande wa ndani kabla ya kuunganisha nusu mbili za bawa, kunaibadilisha modeli kuliko seti nzima ya vipande vya chuma vya kununua. Ni kazi ya nusu saa. Unalaza nusu ya bawa kwenye msasa wa namba 400 uliobandikwa juu ya kioo bapa, unasugua kwa duara, unaiinua na kuitazama dhidi ya taa. Plastiki inapoanza kupitisha mwanga kwenye ukingo, simama.

Kuunganisha bila gundi kwanza, hilo kila mtu analisema na kila mtu analiruka. Mimi nililiruka kwenye Spitfire yangu ya pili nikalipa. Mabawa ya Spitfire yanapanda kutoka kwenye kiwiliwili kwa nyuzi 6. Nilibana maungio kwa nguvu ili kuziba mwanya ulioachwa na kalibu ya kiwandani, mwanya ukazibika, lakini mabawa yakalala karibu bapa. Ukiitazama kwa ubavu huoni kitu. Ukiitazama kwa mbele unaona ndege iliyokata tamaa. Siku hizi nakata kipande cha kadibodi chenye pembe sahihi kutokana na mchoro wa mbele, naweka bawa juu yake wakati gundi inakauka, na mwanya wa kwenye shina nauacha uwe mkubwa utakavyo. Mwanya unajazwa. Pembe ikishakauka vibaya, kuivunja ni kuumiza kila kitu kilicho karibu nayo.

Propela nayo ilinifundisha. Injini ya Merlin, iliyokuwa kwenye Spitfire za mwanzo, ilizungusha propela kwenda kulia ukiitazama kutoka kiti cha rubani. Griffon, injini iliyokuja kwenye Spitfire za baadaye kama Mk XIV, ilizungusha upande wa pili. Kwa hiyo mapanga ya moja hayawezi kuazimwa kwa nyingine, kwa sababu msokoto wake umegeuka. Niliwahi kuokoa modeli iliyopoteza propela kwa kutumia mapanga yaliyobaki kwenye sanduku la vipande, na miaka miwili ikapita kabla sijatambua kwamba ndege ile, kama ingewaka, ingejivuta kurudi nyuma. Niliyang'oa siku ileile.

Chumba cha rubani nitakipita haraka. Ukijenga skeli ya 1/72 na kufunga kioo, kinachoonekana ni kiti, mikanda, bamba la kinga nyuma ya kichwa na sehemu ya juu ya dashibodi. Weka nguvu zako hapo. Mikanda naitengeneza kwa karatasi nyembamba ya metali inayofunga chokoleti, iliyopakwa rangi kabla ya kukatwa, kisha naikunja ilale kwenye kiti kama kitu chenye uzito. Mkanda uliosimama wima kama kadi unaua chumba kizima.

Kuna kazi moja ambayo ningependa kila anayeanza aione kwa karibu, nayo ni kuvuta waya kutoka kwenye fremu ya seti, ile plastiki inayobaki vipande vikishakatwa. Unashika kipande cha urefu wa kiganja kwa mikono miwili, unakizungusha juu ya mwali wa mshumaa, sentimita mbili tatu juu yake ili kisishike moto. Kwa sekunde kadhaa hakuna kinachotokea. Halafu plastiki inaanza kung'aa, inalegea, katikati inapinda chini kwa uzito wake. Hapo wengi huvuta, na waya hukatika. Iondoe kwanza kwenye moto, hesabu moja, mbili, kisha vuta kwa mwendo ule ule hadi mikono itanuke. Ukivuta haraka unapata unywele, ukivuta taratibu unapata uzi wa viatu. Shikilia ikiwa imekazwa hadi ipoe. Waya huo ukiubandika kutoka mlingoti wa antena hadi mkiani, unaweza kusogeza kijiti cha ubani kilichozimwa mwali lakini bado kina kaa, karibu nao bila kuugusa, na wenyewe unajikaza. Nimefanya mara mamia na bado hunipa furaha.

Midomo ya bunduki nimeipata kwenye sindano za hospitali. Sindano yenye unene wa milimita 0.5 ina tundu la milimita 0.26 hivi. Zidisha mara 48: unapata karibu milimita 12.5, na rashasha za Kimarekani zilizofungwa kwenye Mustang zilikuwa za milimita 12.7. Ikate sindano kwa tupa nyembamba kwa kuizungusha, usiibane kwa koleo kwa sababu tundu litajifunga. Vaa miwani ya kinga, maana kipande kinachoruka hakionekani kinakokwenda.

Kioo cha rubani ndicho kilichowahi kunitoa machozi. Nilikuwa nimemaliza Bf 109, ndege ya kivita ya Wajerumani, kila kitu mahali pake, nikakifunga kioo kwa gundi ya papo hapo kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuiona imekamilika. Asubuhi kioo kilikuwa na ukungu mweupe ndani, kama dirisha la chumba chenye mvuke. Ni mvuke wa gundi yenyewe, unatua kwenye plastiki angavu na kuganda. Nilikivunja, nikasugua kwa msasa wa namba 2000, kisha kwa dawa ya meno, kikarudi nusu. Tangu wakati ule kioo nakifunga kwa gundi nyeupe ya karatasi inayokauka bila rangi, na kabla ya hapo nakichovya kwenye vanishi angavu ya akriliki na kukiacha chini ya bakuli lililofunikwa kwa usiku mmoja ili vumbi lisikifikie. Ikiwa gundi nyeupe imevuka mpaka, kijiti cha pamba chenye maji kinaiondoa.

Bf 109 hiyohiyo ndiyo iliyonifundisha kutazama ndege iliyopumzika. Kwenye ukingo wa mbele wa mabawa yake kulikuwa na vibawa vidogo vilivyojifungua vyenyewe mwendo unaposhuka, bila rubani kugusa kitu, na vilicheza kwa urahisi. Kwenye picha nyingi za ndege zilizoegeshwa utaviona vimetoka. Seti nyingi huvichonga vimefungwa. Kuvikata kwa wembe na kuvibandika mbele kidogo ni kazi ya saa mbili, na ndege inakuwa na uhai wa kitu kilichotua sasa hivi. Mustang nayo, injini ikizimwa, mgandamizo wa haidroliki ulipungua polepole, flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zikashuka na milango ya ndani ya magurudumu ikaning'inia. Kwa hiyo Mustang iliyoegeshwa na milango wazi ni sahihi, na iliyozimwa muda mfupi uliopita na milango bado imefungwa ni sahihi pia. Spitfire ni kinyume. Rubani alizipandisha flapu zake mara baada ya kutua, na picha za vitani za Spitfire iliyoegeshwa flapu zikiwa chini ni adimu. Seti inaweza kukupa flapu zilizoshuka zenye mbavu nzuri za ndani. Zifunge tu.

Kwenye rangi nitataja jambo moja, la mistari ya Normandy. Ndege nyingi za washirika zilizoshiriki uvamizi wa Normandy, pwani ya Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944 zilipakwa mistari mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, kwenye mabawa na kiwiliwili, ili askari wa upande wao wasizipige. Kwenye ndege za injini moja kila mstari ulikuwa na upana wa inchi 18, yaani milimita 6.35 kwenye 1/72. Kwa miaka niliikata kwa utepe wa karatasi na rula, kingo zikawa kali kama za wembe. Baadaye nikakaa na picha za siku zile. Amri ilitoka siku chache tu kabla, siri ililindwa, na watu wa viwanjani wakapaka ndege nyingi kwa mkono na brashi, usiku, wakizunguka herufi na namba kadiri walivyoweza. Mistari imepinda, nyeupe inaonyesha rangi ya chini, kingo zimechezacheza. Sasa naweka alama nne za penseli na kupaka kwa brashi ya nywele, tabaka moja na nusu. Mkono unatetemeka kidogo na nauacha utetemeke, kwa sababu wale walikuwa na saa chache na pengine walijua kwa nini wanaharakishwa.

Mzee alinirudia kwenye uchakavu. Nilikuwa nimesugua rangi ya fedha kwenye kila kona ya Spitfire, kama ilivyo desturi yetu, mikwaruzo huku na huku. Akauliza, “Rubani anapanda upande gani?” Kushoto, nikasema, mlango mdogo uko kushoto. “Na fundi anayejaza mafuta anasimama wapi? Na anayebeba mikanda ya risasi?” Tukakaa na picha, tukafuata miguu yao. Shina la bawa la kushoto limechakaa kuliko la kulia. Kuzunguka vifuniko vya risasi rangi imechunwa na bisibisi. Kingo za vifuniko vya injini zimekwanguka mahali pa skrubu, kwa sababu vilifunguliwa kila siku. Katikati ya bawa la kulia, mahali ambapo mtu hana sababu ya kukanyaga, rangi ni nzima, imepauka tu kwa jua. Na kwenye midomo ya rashasha kulibandikwa vitambaa vyekundu kuzuia uchafu na baridi. Risasi ya kwanza ilivitoboa. Kwa hiyo masizi meusi nyuma ya midomo ambayo vitambaa vyake bado ni vizima yanasimulia mambo mawili yasiyoweza kutokea pamoja.

Kwa sasa mezani kuna Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Waingereza. Nusu ya nyuma ya kiwiliwili chake ilikuwa kitambaa juu ya vijiti vya mbao, kilichopakwa dopu, aina ya vanishi ya kukaza kitambaa, kikakaza kama ngozi ya ngoma. Seti imekichonga kimedidimia kati ya vijiti kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Napaka praima nzito, napiga msasa, napaka tena. Nimefika tabaka la tatu na mbavu zimeanza kupotea.

Mustang sikuitupa. Niliiacha rafuni mwaka mzima, halafu nikaivua rangi, nikachukua puti laini na kipande cha kadi ya plastiki, nikaanza kuziba ribiti zangu, kutoka ukingo wa mbele kurudi nyuma. Nilipiga msasa wa 600, kisha 1000, nikapaka praima, nikaona matundu yaliyobaki, nikaziba tena. Vifuniko vya bunduki nikaviacha na mistari yake. Mwisho rangi ya fedha. Nilikuwa nimefika katikati ya bawa la pili ndipo nikatambua kwamba nafuata hatua zilezile, kwa mpangilio uleule, walizofuata watu wa kiwandani: puti, msasa, praima, fedha.

Nilimpelekea Mzee bila kusema neno. Akavua miwani, akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya bawa taratibu, kuanzia mbele, mpaka kilipokutana na safu ya kwanza ya ribiti niliyoiacha. Kidole kikasimama hapo.

“Hapa,” akasema.